Nawapenda Mullins na Ashburn. Sasa Craig Alikosa Nini?

Wasee, leo mtanikasirikia kidogo. Nimekuja kugusa muvi ya watu, na mbaya zaidi ni muvi yangu mwenyewe.

Mkinifuata hapa mnajua mimi na The Heat ni damu. Nimeiona mara nyingi hadi najua mlango upi utafunguka saa ngapi. Siku nikichoshwa na dunia natafuta Sandra Bullock akiwa Sarah Ashburn, ajenti wa FBI aliyenyooka kama rula, akibishana na Melissa McCarthy akiwa Shannon Mullins, karao wa Boston mwenye friji imejaa silaha mahali sukuma wiki ingekaa. Kwa hivyo msiniletee ile ya "huyu dem hapendi vichekesho." Napenda sana. Ndiyo maana imeniuma.

Kwa wale hawajaiona, nitasimulia hadi mwisho, na usinililie. Muvi ilitoka Juni 2013. Umekuwa na muda.

Ashburn ana akili, ana majivuno, na kazini hakuna mtu anamtaka. Hata paka anayemkumbatia usiku ni wa jirani. Mullins ni matusi kutoka asubuhi hadi jioni, anavaa vile ameamka, na familia yake yote imemnunia kwa sababu alimtupa ndani kaka yake mwenyewe ili mtaa usimmalize. Hawa wawili wanaangukia kesi moja, kumtafuta mlanguzi wa dawa za kulevya anayeitwa Larkin, ambaye hakuna mtu anajua sura yake. Hawaivani hata kidogo. Halafu polepole wanaivana.

Hiyo fomula ni ya kitambo. Hollywood imeipika tangu 48 Hrs. ya 1982, ikaja Lethal Weapon ya 1987, ikaja Rush Hour ya 1998. Watu wawili wanatukanana kwa gari, wanapigwa risasi pamoja, mwisho wanakuwa mabeste. Lakini viti vya mbele vya hilo gari vilikuwa vya wanaume. Mwanamke alikuwa bibi ya mtu, maiti, ama mtu wa kuokolewa dakika ya mwisho. Mwelekezi Paul Feig na mwandishi Katie Dippold wakachukua viti vyote viwili wakawapa wanawake, na hawakumaliza hadithi kwa kuwaozesha. Muvi iligharimu dola milioni 43 na ikarudisha karibu milioni 230 duniani. Wale wa kusema muvi za wanawake haziuzi wakatafuta kitu ingine ya kusema.

Na kuna kitu muvi hii ilifanya ambacho mimi, kama dem mnene aliyekulia Nairobi, sitasahau. Mapema mwaka huohuo wa 2013, mkosoaji wa New York anayeitwa Rex Reed alimfananisha McCarthy na kiboko alipokuwa anaandika kuhusu muvi yake ingine. Msanii mzima, kazi imewekwa kando, anahukumiwa kwa kilo. Halafu The Heat inakuja na Mullins haombi mtu msamaha kwa mwili wake. Wanaume ndio wanamfuata wakilia kwa nini hakuwapigia simu. Tunamcheka kwa mdomo wake, kwa vile anaegesha gari, kwa zile hasira zake. Mwili wake unapewa amani. Hata bango la Uingereza lilipotolewa na uso wa McCarthy ukiwa umepunguzwa kwa kompyuta, watu walipiga kelele, na walikuwa sawa kupiga kelele.

Shika hapo. Nitarudi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwa anti yangu, Umoja. Nilikuwa mimi, binamu yangu wa kike ambaye ako shule ya upili, kaka yake, na marafiki watatu wa kaka yake kutoka ploti hiyohiyo. Anti alikuwa amepika chapo na madondo, stima ilikuwa imerudi, na mimi ndiye nilisema, "Leo mnaona muvi yangu."

Binamu yangu ana ualbino. Macho yake hayaoni mbali vizuri, na miwani inasaidia kidogo tu. Kwa hivyo muvi yeye huiangalia akiwa ameketi chini, mbele kabisa, karibu na runinga. Sisi wengine tuko nyuma kwa viti. Maana yake ni kwamba kila tukiangalia skrini, kichwa chake kiko hapo chini ya picha. Yeye hatuoni. Sisi tunamwona.

Saa nzima ya kwanza ilikuwa raha. Ile sehemu Mullins anamkatakata Ashburn nguo chooni ili aingie klabu akifanana na mtu anayejua raha, binamu yangu alicheka akalala sakafuni. Halafu akaingia Craig.

Craig ni ajenti wa DEA, kikosi cha Marekani cha kupambana na dawa za kulevya. Yeye na mwenzake Adam wamekuwa wakimfuata Larkin kwa miezi, na hawataki hawa wanawake waharibu kesi. Craig ana ualbino. Na kuanzia anapofungua mdomo, muvi inamgeukia. Mullins anamtupia maneno kuhusu ngozi, kuhusu nywele, kuhusu vile anavyotisha. Anamshuku kuwa mtu mbaya kwa sababu ya vile anafanana, hakuna ushahidi mwingine. Na kila jina analopewa limewekwa pale ili mimi na wewe tucheke.

Mimi nilikuwa nimecheka hapo miaka yote. Mara hii nilikuwa naangalia kichwa cha binamu yangu.

Alicheka. Alicheka wa kwanza, kwa nguvu, kabla ya hao vijana nyuma kupata nafasi. Mstari wa kwanza, akacheka. Wa pili, akacheka. Nilijiambia basi, yuko sawa, mimi ndiye najisumbua.

Usiku tukiosha vyombo nikamuuliza. Akasema bila hata kuniangalia, "Nikicheka wa kwanza, hakuna mtu ataniangalia kuona kama nimeumia. Kwani wewe hujui hiyo?"

Kusema kweli, nilikuwa najua. Mtu yeyote aliyewahi kuwa mnene darasani anajua. Unajicheka kabla hujachekwa ili ngumi ikipata mwili wako ikupate ukiwa umesimama.

Jumatatu, mmoja wa wale vijana alimwita kutoka ng'ambo ya barabara, mbele ya duka, "We Craig!" Wenzake wakacheka. Hakuna aliyeuliza Craig ni nani. Haikuhitaji maelezo.

Sasa tuongee.

Najua mko na majibu, kwa sababu nimeshayasikia yote kwa mbogi yangu. Wacha nianze na lile rahisi: "Ni jokes tu." Sawa, ni jokes. Swali ni joke imebebwa na nini. Ukiondoa ualbino kwa zile sehemu za Craig, karibu hakuna kitu kinabaki cha kucheka. Hakuna hali, hakuna mtego, hakuna kosa amefanya. Mtu ameingia na ngozi yake, na ngozi ndiyo joke. Linganisha na ile sehemu Ashburn anajaribu kumwokoa mtu aliyekabwa na chakula mgahawani kwa kumtoboa koo, damu inaruka kila mahali. Hapo tunacheka kwa sababu Ashburn hawezi kukubali kwamba kuna kitu hajui. Hiyo joke imetoka kwa tabia yake, na waandishi waliifanyia kazi. Ya Craig haikufanyiwa kazi yoyote.

Jibu la pili ndilo linanipa shida, na nitaliheshimu: "Lakini Craig ni mjinga, anawadharau hawa wanawake." Ni kweli. Craig ana mdomo mchafu. Anawaongelesha Mullins na Ashburn kama watu waliopotea njia wakienda jikoni. Basi mcheke kwa huo mdomo! Mullins ana ulimi unaweza kumchuna mwanamume wa aina hiyo mpaka mfupa. Alimfanya bosi wake mwenyewe akose pa kujificha kituo kizima kikiangalia. Angemmaliza Craig kwa dharau yake mwenyewe, na mimi ningesimama kwa kiti nikipiga makofi. Badala yake muvi inapita mdomo wake na kwenda kwa ngozi. Na ukitukana ngozi ya mtu mmoja, hutukani huyo peke yake. Craig yuko Boston, ni mtu wa kubuniwa, na aliyemwigiza, Dan Bakkedahl, hana ualbino. Alitoka kazini akanawa akaenda nyumbani. Tusi halikuwa na mahali pa kukaa kwa mwili wake. Likapanda ndege, likaja likakaa Umoja.

Jibu la tatu ni la wale wamesoma: "Umeikosa pointi. Muvi inacheka ubaguzi wenyewe, kwa sababu mwishowe Craig si mtu mbaya." Haya, twende tuangalie huo mwisho.

Mullins na Ashburn wametekwa na kufungwa kamba. Mhuni mmoja amemdunga Ashburn kisu kwa mguu. Wako karibu kufa. Anakuja nani? Craig na Adam. Na anayeinama kuanza kuwafungua ni Craig, yule tuliyemcheka saa nzima. Yuko hapo anafungua kamba za mwanamke aliyemwita kila jina, halafu Adam anampiga risasi. Adam ndiye Larkin. Craig alikuwa mwaminifu tangu mwanzo.

Hii ilikuwa nafasi. Mullins, ambaye macho yake ya upelelezi tumeambiwa hayakosei, alikosea kabisa, na alikosea kwa sababu ya ngozi. Kama muvi ingekuwa kweli inacheka ubaguzi, hapa ndipo ingemgeukia Mullins na kumwambia, umeona? Sekunde kumi tu zingetosha. Uso wake ubadilike. Aseme jina la huyo mtu. Lakini Craig anaanguka na hadithi inaendelea, tunakimbia hospitalini kumwokoa kaka ya Mullins, Ashburn anampiga Larkin risasi mahali mnapopajua, na sote tunashangilia. Muvi ilimtumia Craig mara mbili: kwanza kama tusi, kisha kama chambo cha kutuficha Larkin. Ilijua tutashuku mwenye ualbino, kwa sababu Hollywood imetufunza hivyo. Kumbuka Silas kwa The Da Vinci Code ya 2006, mtawa mwenye ualbino ambaye kazi yake ni kuua. Kutumia ubaguzi wetu ili utushtue ni ujanja. Ili niuite ukosoaji wa ubaguzi, mtu angelipa kitu kwa kukosea, na hakuna aliyelipa isipokuwa Craig.

Halafu angalia wengine wanapata nini. Ashburn alilelewa kwa familia za watu, mtoto wa kuhamishwahamishwa, na mwisho Mullins anaandika kwa kitabu chake cha kumbukumbu za shule kumwambia kwamba sasa ana dada. Mimi hulia hapo kila mara, sioni haya. Mullins anapata familia yake tena. Kila mtu aliyetukanwa kwa hii muvi anapewa kitu cha kumponya, na Craig anapewa risasi.

Ndiyo maana nilisema mshike ile ya McCarthy. Hawa watu walijua. Walijua vile inauma mtu kufanywa kichekesho kwa mwili aliozaliwa nao, wakamkinga mwigizaji wao vizuri sana, halafu ile silaha hawakuitupa. Walimpa Mullins aishike.

Na sasa nataka kuwaambia kitu kuhusu tarehe. Mnamo 13 Juni 2013, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kule Geneva lilipitisha azimio lake la kwanza la kupinga mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Ndiyo sababu kila 13 Juni sasa ni siku ya kimataifa ya ualbino. The Heat iliingia kumbi za Marekani 28 Juni 2013. Siku kumi na tano baadaye.

Azimio hilo halikutoka hewani. Lilitokana sana na mambo ya huku kwetu. Watu walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo Tanzania na nchi za jirani kwa sababu kuna mtu alidanganywa na mganga kwamba mkono wa mwenye ualbino huleta utajiri. Na Wakenya tusijitoe. Mwaka 2010 Mkenya mmoja alihukumiwa miaka 17 jela kule Mwanza kwa sababu alimpeleka kijana mwenye ualbino, Mkenya mwenzake, kumuuza. Kumuuza, kama mbuzi.

Sisemi muvi ya Boston ilimuua mtu Mwanza. Msiniwekee maneno mdomoni. Nasema hivi: huwezi kumkata mtu mkono kama kwanza hujaamini kwamba yeye si mtu kamili. Na hiyo imani haianzi kwa panga. Inaanza kwa jina. Inaanza kwa "zeruzeru," kwa zile hadithi kwamba hawafi bali hupotea, kwa watu kusogea kwa kiti cha matatu, kwa "We Craig!" mbele ya duka. Kijana wa Boston akicheka mistari hiyo, labda hajawahi kukutana na mtu mwenye ualbino, na kesho amesahau. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino Kenya. Ukiishi mtaani kwetu kuna uwezekano mkubwa unamjua mmoja, na anakujua wewe, na anajua ulicheka wapi.

Kitu kinaniudhi zaidi ni kwamba 2013 haikuwa enzi ya mawe. Mwaka huohuo Isaac Mwaura aliingia Bunge la Kitaifa, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuwa mbunge Kenya. Mumbi Ngugi alikuwa tayari jaji wa Mahakama Kuu. Nairobi ilikuwa na jaji anayetoa hukumu za kikatiba, na Hollywood, na pesa zake zote, ilikuwa bado na mzimu wa kutisha watoto.

Sasa niingie kwangu, kwa sababu itakuwa unafiki nikiishia Marekani.

Mwaka juzi nilifanya skiti ya makarao wawili wasioivana. Mmoja alikuwa mimi kama inspekta mkali, mwingine mimi tena, uso umepakwa unga wa ngano, nikiongea kwa sauti ya kutisha. Mnaikumbuka, kwa sababu ndiyo klipu yangu iliyotazamwa kuliko zote. Watu walinitambua kwa stegi kwa sababu yake. Nilikuwa nimetoa wapi hiyo ya unga? Sikuwahi kujiuliza. Nilijua tu kwamba uso mweupe ni wa kuchekesha. Binamu yangu aliiona. Alinitumia ile emoji ya kucheka, wa kwanza kabisa. Sasa najua maana yake.

Nimeifuta wiki hii. Sitaki pongezi. Ilikaa huko karibu miaka miwili ikinilipia bando, na hiyo siwezi kurudisha.

Kwa hivyo ninataka nini? Sitaki muichome The Heat. Nitaiona tena, pengine mwezi huu. Nataka tuache kuipigia makofi yale sehemu haijafanyia kazi. Ukiwa unaionyesha watu, wafikapo kwa Craig usinyamaze kama vile nilinyamaza mimi. Sema tu, "Hapa walikosa." Maneno mawili, muvi iendelee. Yule kijana wa dukani hakuhitaji mhadhara. Alihitaji mtu mmoja kwa hicho chumba, mkubwa kidogo kumliko, asicheke. Huyo mtu alipaswa kuwa mimi, na nilikuwa nimeshika chapo.

Na kwa wale tunatengeneza skiti humu: wanawake wawili makarao ni wazo kali, na Nairobi ina hadithi za kutosha. Andikeni dem mwenye ualbino akiwa mpelelezi, awe na kiburi, awe na mdomo, akosee kesi, apendwe, achekwe kwa vile anaendesha gari. Na mpeni mwenye ualbino aigize, unga ubaki jikoni.

Nilimuuliza binamu yangu kama naweza kuandika haya. Akakubali kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisimfanye aonekane wa kuhurumiwa. Nikamsomea nilichoandika. Akasikiza hadi mwisho akasema, "Ongeza kwamba muvi niliipenda. Na ongeza kwamba ile sehemu ya kutoboa koo ni kali kuliko zote."

Nimeongeza. Kisha akaniuliza kwa nini hawakufanya sehemu ya pili. Nikamwambia Bullock alikataa, alishachoka na muendelezo wa muvi.

Akafikiria kidogo. "Sawa tu," akasema. "Craig si alikufa."